Moshi wa dizeli unaingia mapafuni, sasa moyo unahusikaje?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo: "Dokta habari ya kazi. Mimi ni fundi wa malori, nina miaka 52, mwaka juzi nilipata mshtuko wa moyo nikawekewa stenti moja, kile kibomba cha kushikilia mshipa wa moyo uwe wazi. Nikaambiwa niache sigara, nipunguze chumvi na mafuta, nitembee kila siku, nimefanya yote. Sasa mwanangu ananiambia huu moshi wa dizeli ninaoshinda nao gereji kutwa nzima ni mbaya kwa moyo kuliko hata kwa mapafu. Nikamwambia moshi unaingia mapafuni, moyo unahusika nini? Tumebishana mpaka basi. Ana ukweli? Na kama ni kweli, niache kazi? Halafu huyo mwanangu mwenyewe ana miaka 22, tunafanya kazi pamoja, moyo wake mzima kabisa, yeye inamhusu?"

Kaka pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa sigara, hiyo peke yake ni kazi kubwa na wengi wanaishiaga njiani. Sasa kwenye ubishi wenu nisikufiche, kijana kashinda. Wewe umeshika njia ambayo karibu kila mtu anaishika, yaani moshi unapita puani unaenda mapafuni, basi ugonjwa wake utakuwa wa mapafu, kikohozi, kifua, kansa. Na kansa ni kweli ipo, mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu, hilo halina mjadala. Lakini ukienda kuangalia watu wanakufa na nini hasa kutokana na hewa chafu ya nje, hesabu inageuka. WHO wanakadiria mwaka 2019 watu milioni 4.2 walikufa kabla ya wakati wao kwa ajili ya hewa chafu ya nje, na kati ya hao kama asilimia 68 ni moyo na kiharusi, kansa ya mapafu ni asilimia 4 tu. Hapo ni hewa chafu yote, sio dizeli peke yake, ila inakuonyesha mzigo unaangukia wapi. Mapafu ni mlango tu kaka, mwizi akishapita mlangoni habaki kukaa mlangoni.

Tuanzie kwenye injini maana huko wewe ndo mwalimu wangu. Unajua dizeli haina plagi ya kuchoma kama petroli, hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto sana, nozeli inarusha mafuta, yanawaka yenyewe. Shida ni kwamba yale matone hayapati muda wa kuchanganyika vizuri na hewa, sehemu ya pembeni inapata oksijeni inaungua safi, sehemu ya katikati inakosa, ndo hapo masizi yanazaliwa. Sasa hayo masizi ukiyakuza sana ni vipunje vya kaboni vilivyoshikana kama shanga, na juu yake vimebeba mizigo, mabaki ya mafuta ambayo hayakuungua, salfa, na chembechembe za metali. Na nyingi ya hizi chembe ukizihesabu moja moja ziko chini ya maikroni 0.1 (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu). Unywele wako ni kama maikroni 70 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni mamia ya chembe ukizipanga mstari mmoja kukatiza unywele mmoja.

Vumbi la kawaida pua inalidaka, lingine koo linalikohoa. Hizi hazidakwi. Zinashuka mpaka mwisho wa njia, kwenye vile vifuko vidogo ambavyo damu inapokea oksijeni, ambapo kati ya hewa na damu kuna ukuta mwembamba kuliko unavyoweza kufikiria, na ni lazima uwe mwembamba hivyo maana usingekuwa hivyo oksijeni isingepita. Na hapa niseme kitu kwa mafundi wote: ule moshi mweusi mnaouona ndo mnaouogopa, sawa, unatisha, ila chembe mbaya zaidi hazionekani. Lori linaweza likawa limetulia linanguruma taratibu hamna moshi unaoonekana kabisa, na bado linamwaga mamilioni ya hizo chembe ndogo. Macho sio kipimo.

Sasa zikishafika chini kule, moyo unafikiwa kwa njia tatu, na zote zinafanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni mishipa ya fahamu. Ndani ya mapafu kuna neva zinazonusa hatari, zikiguswa na huu moshi zinapeleka taarifa na mwili unaingia kwenye hali ya kujihami, mishipa inabana, presha inapanda. Hii ni ya haraka, dakika tu. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle waliwavutisha watu 45 wasiovuta sigara moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa, maikrogramu 200 kwa mita ya ujazo, ndani ya nusu saa ile namba ya juu ya presha ikawa imepanda karibu pointi 4, ikifika saa moja ni pointi 5. Utasema pointi 5 ni nini bwana. Kwa mtu mmoja mzima, si kitu. Kwa mtu ambaye mishipa yake ina kutu kama yako, na ni kila siku, na juu yake unafungua nati za gurudumu la lori, hapo ni kitu.

Ya pili ni uvimbe, sio uvimbe wa kuonekana, namaanisha ule moto wa ndani ambao mwili unauwasha ukipigana na kitu. Askari wa mwili walioko mapafuni wanazimeza hizo chembe, wanashindwa kuzimeng'enya, wanaanza kupiga kelele, na kelele zao ni kemikali ambazo zinavuja kuingia kwenye damu. Ini likisikia linatengeneza protini za kugandisha damu kwa wingi. Damu inakuwa na hulka ya kunata. Ikiendelea miaka, yale mafuta yaliyojipaka kwenye kuta za mishipa yanaongezeka na yanakuwa machachari. Kuna utafiti wa Marekani uliofuata watu zaidi ya 6,700 kwenye miji sita kwa miaka kama kumi, wakawa wanawapiga picha za moyo kuangalia chokaa kwenye mishipa, na waliokuwa wanaishi kwenye hewa chafu zaidi chokaa iliongezeka haraka zaidi. Na sio hewa ya kutisha ile, ni hewa ambayo wewe ukiiona ungeiita safi.

Ya tatu ndo huwa inawashangaza watu, kwamba chembe zenyewe zinavuka zinaingia kwenye damu. Watu walibishana miaka mingi juu ya hili kwa sababu kaboni ukiitafuta ndani ya mwili ambao nao umejengwa kwa kaboni ni kama kutafuta tone la maji mtoni. Sasa watafiti wa Edinburgh kule Uskochi wakaja na akili, mwaka 2017 wakatangaza majibu, walitumia dhahabu. Dhahabu haina madhara, na mwilini kwa kawaida haipo, kwa hiyo ukiikuta ujue imetoka nje. Wakatengeneza vumbi la dhahabu dogo kama chembe za dizeli, watu wazima wenye afya wakalivuta kwa saa mbili huku wakipiga baiskeli ya mazoezi. Dakika 15 baadaye, wengine tayari damu yao ina dhahabu. Miezi mitatu baadaye bado kwenye mkojo inatoka. Halafu wakachukua wagonjwa waliokuwa wanasubiri operesheni ya kusafisha mishipa ya shingo, nao wakavuta, na walipotolewa yale mafuta yaliyoziba, dhahabu ikakutwa humo humo ndani. Yaani chembe zinaenda kujikusanya pale pale penye ugonjwa. Mimi nilivyoisoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa ule mara mbili.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho kwako wewe ndo muhimu kuliko vyote na ndo maana nimeamua kukujibu kwa urefu.

Mshipa wa damu sio bomba la chuma. Ukuta wake wa ndani una ngozi nyororo ambayo ni hai, inafanya kazi mbili kubwa, inaachia gesi ya kulegeza mshipa damu ikihitajika nyingi, na inaachia dawa ya kuyeyusha damu ikianza kuganda mahali pasipotakiwa. Hiyo dawa ya kuyeyusha ni ileile ambayo hospitali nyingi wanamchoma mtu wa mshtuko wa moyo ikiwa hakuna uwezo wa kumwekea stenti haraka, sema mwili wako unayo yake yenyewe. (Na usishangae, gesi ya kulegeza mshipa ni oksidi ya nitrojeni, ya ukoo mmoja na gesi zinazotoka kwenye ekzosi. Ndani ya ukuta wa mshipa kwa kiasi kidogo ni rafiki, barabarani ni adui. Kemia ina visa.)

Mwaka 2005 hao hao wa Edinburgh wakishirikiana na wenzao wa Umeå kule Sweden walichukua wanaume 30 wazima, wakawaweka kwenye chumba chenye moshi wa dizeli maikrogramu 300 kwa mita ya ujazo, saa moja tu, wakifanya mazoezi kwa vipindi. Hicho ni kiwango ambacho unakikuta kwenye barabara iliyofungana na magari au sehemu za kazi, sio cha kutunga. Baada ya hapo mishipa ya mkono ikapewa dawa za kuitanua, ikawa mizito kutanuka, na ile dawa ya mwili ya kuyeyusha damu ikapungua. Saa kadhaa baadaye bado haijakaa sawa. Utafiti mwingine wa watafiti hao hao ukapitisha damu ya waliovuta moshi kwenye kifaa kinachoigiza mshipa uliopasuka, donge la damu likajengeka kubwa zaidi kuliko siku waliyovuta hewa safi.

Halafu 2007 wakaenda kwa watu kama wewe. Wanaume 20 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wametulia, wanakunywa dawa zao. Saa moja, moshi uleule maikrogramu 300, baiskeli dakika 15 pumzika dakika 15. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha moyo unakosa damu ya kutosha wakati wa mazoezi zaidi ya siku ya hewa safi, na ile dawa ya kuyeyusha ikashuka kwa asilimia kama 35. Unganisha mwenyewe sasa. Mshtuko wa moyo unakujaga hivi: kipele cha mafuta kwenye mshipa kinapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba. Siku moshi umeingia, presha iko juu, mshipa umegoma kutanuka, damu inanata, na fundi wa kuzibua kapunguziwa wafanyakazi theluthi nzima. Ndo maana nasema huu moshi sio wa kusubiri miaka 20 ndo ulete majibu, una sehemu yake ya miaka na una sehemu yake ya LEO JIONI. Hospitali watu wanakazania sana ile ya miaka, kolesteroli, sukari, ni sawa kabisa, ila hii ya masaa inasahaulika.

Mji wa Augsburg Ujerumani waliwauliza watu 691 walionusurika mshtuko wa moyo, ulikuwa wapi kabla ya kuanza kuumwa. Ikaonekana kuwa kwenye foleni au kwenye usafiri wa barabarani kunakaribia kuzidisha mara tatu uwezekano wa mshtuko ndani ya saa moja inayofuata. Niwe mkweli, pale kuna kelele pia na hasira za barabarani, sio moshi peke yake, na hata waliopanda baiskeli na basi walikuwemo. Lakini kuna hesabu moja ya mwaka 2011 huwa naipenda sana, walilinganisha vitu vinavyochokoza mshtuko wa moyo. Kokeni kwa mtu mmoja inazidisha hatari mara 23, barabarani ni hizo mara tatu tu. Ila ukiuliza kwa jamii nzima ni kipi kinaleta mishtuko mingi zaidi, barabara inaishinda kokeni mbali, asilimia 7 na kidogo dhidi ya chini ya asilimia 1, kwa sababu wanaovuta kokeni ni wachache na barabarani tunapita wote.

Sasa swali lako la kuacha kazi. Mimi sikwambii uache, angalau sio kwa kuanzia, na yeyote atakayekwambia acha kirahisi hivyo muulize atakulipia ada ya watoto. Mtu akikosa kipato anakosa na dawa, na dawa ndo zinazokushikilia. Ninachokwambia ni kwamba kiwango unachovuta kinaweza kushuka sana bila kubadilisha kazi, maana tatizo lako ni mita chache tu kutoka kwenye mdomo wa ekzosi. Los Angeles waliwahi kupima kandokando ya barabara kubwa zinazopita malori mengi, zile chembe ndogo kabisa zilikuwa za kutisha karibu na barabara, lakini kufika mita 300 upande ambao upepo unapeleka moshi huwezi tena kuzitofautisha na hewa ya kawaida ya mji. Umbali ni dawa kaka. Hata mita kumi na upepo mzuri sio sawa na mita moja.

Kwa hiyo gereji: injini isiwashwe ndani. Kama ni lazima iwashwe ndani basi kuna yale mabomba mapana ya mpira yanayovalishwa kwenye ekzosi yanatoa moshi nje, na kama hamna, fundi mwenye akili hashindwi kuunda, ila upande wa pili wa bomba uishie mbali na sio chini ya dirisha la ofisi, nimeshayaona hayo. Lori likija kupimwa moshi au kusikilizwa mlio, liwekwe nje mkia ukielekea upepo unakokwenda. Wewe mwenyewe kazi ya kusimama nyuma ukiangalia rangi ya moshi huku mwenzako anakanyaga mafuta, hiyo uiache kuanzia leo, simama pembeni, rangi utaiona tu. Asubuhi injini ikiwa baridi ndo inatoa uchafu zaidi, kwa hiyo ile tabia ya kuwasha magari matano kwa pamoja yapashe moto huku watu wanakunywa chai hapohapo, hapana. Na gari linalosubiri lizimwe. Mkiwa na jenereta ya dizeli ihamishwe, hiyo ni gari ambalo haliondoki.

Halafu kuna hili, mafundi mnisamehe. Malori ya kisasa yanakuja na kichujio cha chembe kwenye ekzosi, Ulaya magari madogo ya dizeli yamebanwa mpaka hayakwepi kuwa nacho tangu kiwango cha moshi cha Euro 5 kilipoanza 2009. Kikiziba, mwenye gari anakuja anasema kitoe, weka bomba tupu, futa taa kwenye kompyuta. Mnakitoa. Mwaka 2011 wale watafiti wakarudia jaribio lao la watu na moshi, safari hii moshi ukapitishwa kwenye kichujio kwanza, na madhara ya mishipa na ya damu kuganda yakaondoka. Yakaondoka wakati gesi ya dioksidi ya nitrojeni iliongezeka. Majaribio mengine wakavutisha watu hiyo gesi peke yake, mishipa haikushtuka, wakawavutisha vipunje vya kaboni safi visivyobeba kitu, haikushtuka pia. Kwa hiyo mkosaji ni ule mzigo uliobebwa na chembe, na kichujio ndo kinaudaka. Ukikitoa unamvutisha mteja, unajivutisha mwenyewe kwanza. Gesi zile zisikufanye udhani ni salama, mapafu yanazijua vizuri hasa ya mwenye pumu, ila kwa moyo wako kichujio ni nusu ya matibabu. Na nozeli zinazovujisha, ea klina iliyojaa vumbi, turbo iliyochoka, hivyo vyote vinaongeza masizi na hivyo unavijua kuliko mimi.

Barakoa nayo inasaidia ila sio yoyote. Kitambaa ni mapambo. Ile ya bluu ya hospitali inaacha nafasi pembeni hewa inapita kama haipo. Unataka ile ngumu ya N95 au FFP2, ikae imebana, na ndevu zinyolewe maana hewa ni kama maji, inafuata penye tundu. Beijing waliwahi kuwapa wagonjwa wa moyo 98 barakoa nzuri watembee nazo mjini saa mbili na siku nyingine watembee bila, siku ya barakoa presha ilikuwa chini kidogo na moyo ukaonyesha dalili chache za kukosa damu. Vaa wakati wa kazi za moshi, sio lazima kutwa nzima utachoka uitupe. Ukiona unahema kwa shida ukiwa nayo, vua, mwambie daktari wako, maana moyo wako ukiwa umechoka baada ya ule mshtuko kuna mambo mengine ya kuangalia.

Matembezi yako ya kila siku usiyaache, nakuomba. Ila unatembea wapi? Ukiwa umekaa unavuta kama lita 6 za hewa kwa dakika, ukitembea haraka zinazidi mara kadhaa, kwa hiyo ukifanya mazoezi kando ya barabara kuu jioni watu wanatoka kazini unajipigia pampu. London waliwapeleka watu wa zaidi ya miaka 60, wengine wagonjwa wa moyo kama wewe, watembee saa mbili Oxford Street ambapo kipindi kile yalikuwa yanapita mabasi na teksi za dizeli, siku nyingine watembee bustani ya Hyde Park ambayo ni jirani tu. Waliotembea bustanini mishipa yao ililegea, na faida ikaendelea kuonekana hadi siku ya pili. Mtu huyohuyo, miguu ileile, akitembea mtaa wa mabasi faida karibu yote inayeyuka. Na kuna kitu kizuri hapo ambacho kinakuhusu: wagonjwa wa moyo waliokuwa wanatumia dawa zao walionekana kukingwa kiasi. Kwa hiyo ile dawa ya kolesteroli ambayo najua (nakutana nao kila wiki) watu wanaiachaga wakijisikia vizuri, usiiache hata siku moja. Asipirini na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ulizopewa kwa ajili ya stenti, hivyo hivyo, usiache na usiongeze mwenyewe kwa sababu eti leo moshi ulikuwa mwingi. Hakuna kidonge cha kusafisha moshi, ukiuziwa ujue umeuziwa.

Ila nisikutishe ukakaa ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge Uingereza walipiga hesabu mwaka 2016, kwenye hewa chafu sana ya maikrogramu 100 za chembe ndogo kwa mita ya ujazo, kupiga baiskeli kunaendelea kukupa faida kuliko hasara mpaka ufike saa moja na nusu kwa siku, na kutembea unaweza kwenda masaa mengi zaidi. Hiyo hesabu ni ya watu kwa ujumla sio ya mwenye stenti, ila mwelekeo ni huo. Tafuta tu barabara ya nyuma, au nenda alfajiri kabla malori hayajaamka.

Kuna jambo la sigara nimeona nisiliache. Wengi wakiacha sigara wanasema sasa nimebaki na kamoshi kadogo ka kazini, si kitu. Moyo haupigi hesabu hivyo. Hatari ya moyo inapanda kwa kasi kwenye viwango vidogo halafu inapunguza kasi juu huko, ndo maana hata anayekaa karibu na mvutaji wa sigara moyo wake unaathirika kuliko ungetegemea kwa moshi kidogo vile. Maana yake kwako ni nzuri na ni mbaya, mbaya kwamba hicho kidogo kilichobaki kina uzito, nzuri kwamba kila unachopunguza sasa kinalipa zaidi kuliko ungepunguza ukiwa bado unavuta.

Nunua mashine ya presha ya mkononi, ile ya kuvaa juu ya kiwiko, pima asubuhi kabla ya kazi na jioni ukitoka, siku za moshi mwingi na siku za kupumzika, andika kwenye daftari wiki mbili, mpelekee daktari wako na umwambie kazi yako ni nini hasa, neno fundi halitoshi, mwambie masaa mangapi injini zinanguruma karibu yako. Kifua kikibana, au maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, au ukatokwa na jasho la ghafla pale gereji, usijiambie ni moshi tu ngoja nitoke nje nipumue. Toka nje ndio, na hapohapo mtu akupeleke hospitali. Na kichwa kikiuma mkawa wawili watatu kwa pamoja ndani ya gereji iliyofungwa, hiyo inaweza kuwa kaboni monoksidi, dizeli inaitoa kidogo kuliko petroli ila chumbani inajaa, zimeni injini mtoke wote.

Sasa kijana. Wale 30 wa mwaka 2005 niliokusimulia, ambao mishipa yao iligoma kutanuka na dawa yao ya kuyeyusha damu ikapungua baada ya saa moja, walikuwa wazima, hawana ugonjwa wowote wa moyo. Kwa hiyo ndiyo, inamhusu. Tofauti ni kwamba yeye leo ana akiba ya mishipa misafi, ataguswa na jioni atarudi sawa, wewe akiba hiyo umeshaitumia. Na najua itakavyokuwa nikishakwambia haya yote, kazi zote za nyuma ya lori utamrushia yeye kwa kuwa ni kijana. Mnunulie barakoa yake, na hilo bomba la kutolea moshi nje mliunde pamoja wiki hii, kwanza una deni naye la ubishi.